Kipanya kizito cha Mzee Taratibu

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na tayari malori yamejipanga mbele ya geti huku injini zikinguruma. Ndani ya ofisi ya yadi, kwenye chumba chenye dirisha kubwa linalotazama mizani, mwanamume mwenye mabega mapana anavuta kiti, anafuta skrini kwa mkono wa shati, kisha anaweka kiganja cha kulia juu ya kipanya cheusi kinene.

Habofyi bado. Anausubiri mkono utulie. Unatetemeka kidogo, kama mkono wa mtu aliyetua ndoo ya maji sasa hivi. Mshale kwenye skrini unasogea polepole, unafika kwenye mstari anaoutaka, unasimama. Hapo anabofya.

"Jeupe, mlango wa tatu. Vigae," anasema kwenye redio ya mkononi. "La bluu lisubiri. Nimesema lisubiri, siyo lisogee kidogo kidogo ukidhani sikuoni."

Kicheko cha dereva kinasikika redioni. Lori la bluu linarudi nyuma.

Madereva wote wa yadi hii wanamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno analowaagia kila wanapotoka getini. Ana miaka hamsini na sita. Ndiye anayepanga nani apakie nini, kwenye mlango upi wa ghala, na aelekee wapi. Geti halifunguki mpaka yeye abofye. Akibofya sawa, saruji inafika kwenye ujenzi. Akikosea, inafika kwa mtu aliyeagiza sinki la bafuni.

"Na ilishafika," anasema, akicheka kwa aibu. "Hilo usiliandike. Au basi, andika tu. Kila mtu hapa analijua."

Kabla ya kukaa kwenye kiti hiki, Taratibu aliendesha malori kwa miaka ishirini na miwili. Njia zote za nchi anazijua kwa mashimo yake. Anaweza kukueleza mteremko gani unapika breki, na kona ipi ina ng'ombe kila jioni.

Mkono ulianza kumsumbua mwaka wa ishirini wa kazi hiyo. Ilikuwa kwenye kituo cha mafuta, ameshika kikombe cha chai, akaona chai inacheza.

"Nilidhani ni uchovu. Halafu nikadhani ni baridi. Halafu nikakosa cha kudhani."

Alikwenda hospitali kwa siri. Daktari akampima, akamwandikisha maneno, akamwambia achore duara. Duara likatoka kama njia ya milimani. Akaambiwa kwamba si ugonjwa wa kumuua, ni mtetemeko tu wa mikono unaowapata watu wengi. Dawa zingeupunguza bila kuumaliza. Ila kushusha lori lenye mzigo mlimani, hapana.

"Habari njema na habari mbaya alinipa kwa pumzi moja," anakumbuka. "Mimi nikaisikia ile mbaya peke yake."

Alirudi kazini na kusema anaumwa mgongo. Hakuna aliyemhoji. Dereva kuumwa mgongo ni sawa na mwalimu kuwa na chaki mikononi. Lakini mkono ni jambo jingine.

"Mkono ukitetemeka, watu wanasema huyu anakunywa," anaeleza. "Mimi pombe sijaionja tangu nizaliwe. Sasa utawashika watu wote mashati uwaeleze?"

Uongozi ulimhurumia huo mgongo, ukamweka ofisini. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kipanya cha ofisi kilikuwa cha zamani, kikubwa kama kobe, chenye waya uliokuwa ukinasa kwenye droo na kumwaga chai. Taratibu alikilaani kila siku, asijue ndicho kilichokuwa kikimsitiri. Uzito wake uliubana mkono, na waya uliuvuta nyuma kidogo, kama mtu aliyekushika koti.

Kisha ofisi ikanunua vipya. Vipanya visivyotumia waya, vyote vya aina moja, vidogo, vyepesi, vya bei nafuu. Meza zikapendeza. Wafanyakazi wenzake wakafurahi. Yeye alipokigusa chake, mshale ulikimbia skrini nzima kama kuku aliyeona kisu.

"Kilikuwa kama kipande cha sabuni kilichobaki mwisho," anasema. "Unakishika, hakishikiki."

Alijaribu kila ujanja. Alibadilisha betri. Aliweka gazeti chini, kisha kitambaa, kisha kipande cha kapeti. Aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Alianza kufika kazini kabla ya watu wote ili apange safari bila mtu kumwona akihangaika. Mtu akiingia, anajikausha na kujifanya anasoma.

Ndipo likatokea la saruji. Mistari miwili ilikuwa imekaribiana kwenye skrini. Alilenga wa juu, kidole kikacheza, akabofya wa chini. Hakujua. Lori likatoka getini na shehena yote, likaenda nusu siku upande usio wake. Mteja aliyekuwa akingoja saruji, mafundi wakiwa wamekaa kwenye ndoo bila kazi, alipiga simu hadi kwa mwenye kampuni.

Meneja wa yadi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwita.

"Mzee Taratibu, hii ni mara ya tatu," alimwambia. "Mbili nilizimeza. Likitokea jingine, nakuhamishia getini ukafungue na kufunga. Sitafurahi, lakini nitafanya hivyo."

Mshahara wa getini ni nusu ya ule wa ofisini. Nyumba yake ilikuwa bado na upande mmoja usio na madirisha. Lakini anasema si pesa iliyomkosesha usingizi. Ni kule kusimama getini, kuwafungulia njia vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kuendesha.

Nyumbani, alikuwa na vita nyingine, ndogo, na mke wa mwanawe.

Mwanawe ni fundi wa minara ya simu, kazi inayompeleka mbali kwa wiki nyingi. Mkewe anaishi na wakwe zake na anauza dawa kwenye famasi karibu na nyumbani. Ni binti mpole, anayepiga goti kusalimia. Ila alihamia na kompyuta kubwa, spika za kuvaa masikioni, na kipanya kinachowaka rangi zote. Jioni akitoka kazini na kumaliza kupika, hukaa sebuleni kucheza michezo ya vita na wenzake walioko miji mingine. Huko mchezoni wanamwita Sindano.

Taratibu hatasahau jioni ya kwanza. Alikuwa bafuni, amejipaka sabuni, akasikia mkwewe akipiga kelele: "Nyuma yako! Yuko nyuma yako!"

"Nilitoka mbio na taulo na fagio," anasema. "Nikajua tumevamiwa. Namkuta amekaa kimya kwenye kiti, anabofya."

Alilalamika kwa mkewe. Mke wa mtu, tena mtu mzima, anapiga watu risasi sebuleni, ni heshima gani hiyo? Mkewe, mama wa maneno machache lakini yanayofika, alimjibu bila kuacha kukunja nguo.

"Anafanya kazi. Umeme analipa. Sisi anatuheshimu. Wewe ulitaka afume vitambaa vya makochi?"

Taratibu alikaa na kinyongo chake.

Jumamosi moja, wiki ile ile ya onyo, alijikuta peke yake nyumbani. Mkewe alikuwa kwa jirani, mkwe famasi. Kompyuta ilikuwa imeachwa imewashwa. Taratibu aliizunguka mara kadhaa kama mtu anayetaka kununua gari. Mwisho akapiga moyo konde, akakaa. Alitaka kufanya mazoezi ya kubofya, basi. Akafungua mchezo wa karata, ule pekee aliokuwa akiujua.

Kipanya cha mkwewe kilijaa kiganjani. Kilikuwa kizito. Alikisukuma, na mshale ukaenda pale alipoutuma, ukasimama hapo. Akahamisha karata moja. Akahamisha ya pili. Akamaliza safu nzima.

"Nilihisi kama nimerudi kwenye usukani," anasema.

Alizama kiasi kwamba hakusikia mlango. Alipogeuka, mkwewe alikuwa amesimama na pochi yake begani.

"Nilikuwa nafuta vumbi," alisema haraka.

"Vumbi limeingia mpaka kwenye karata, Baba?"

Hakuna aliyecheka. Mkwe alivuta kiti kingine, akakaa kwa mbali kidogo, macho chini. Anasema alikuwa ameshaona muda mrefu. Aliona baba mkwe anavyobeba kikombe kwa mikono miwili. Aliona mama mkwe anavyomjazia nusu tu, bila kusema neno. Lakini mkwe hawezi kumkodolea mkwewe macho, achilia mbali kumuuliza habari za mwili wake.

"Baba, nikikuuliza jambo, utaona nimekosa adabu?"

"Uliza."

"Mkono umeanza lini?"

Taratibu anasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, ukiacha daktari. Alifungua mdomo atoe uongo wa mgongo, uongo ukagoma kutoka. Akamwambia yote. Chai ya kituo cha mafuta, duara la hospitali, saruji, geti. Alipofika kwenye pombe, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Baba, wanakuja watu wa hivyo famasi kila wiki," mkwe alimwambia. "Walimu, mafundi, mashehe, wachungaji. Wala si walevi. Ni mkono tu."

Kisha, kwa kuwa machozi ya baba mkwe ni kitu kisichotazamwa, aligeukia kompyuta na kuanza kueleza mambo ya kipanya. Alimwonyesha kitufe kidogo nyuma ya gurudumu. Ukikibonyeza, mshale unapunguza mwendo.

"Nikitaka kumlenga adui wa mbali, naupunguza. Hata mimi mkono unanitetemeka, Baba, nikimwona mtu na bunduki. Hiki kimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye wasiwasi."

"Basi nipe hicho."

"Hiki siwezi. Tuna mashindano mwezi ujao."

"Kumbe mapenzi yako kwangu yanaishia kwenye kipanya."

Hapo ndipo walipocheka.

Walikwenda dukani wiki iliyofuata, mkwe mbele, baba mkwe nyuma. Lilikuwa duka jembamba, vifaa vimetundikwa ukutani hadi juu. Muuzaji, bwana mcheshi mwenye miwani, alimtazama Taratibu mara moja tu, akavuta kiboksi kidogo.

"Hiki hapa, mzee. Cha ofisi. Vile vya mataa ni vya watoto."

"Tunataka kuvishika kwanza," mkwe alisema. "Vyote. Kwenye kompyuta."

Cha kwanza kilikuwa bapa, kizuri, cha kutia mfukoni. Mshale ukakimbia. Cha pili kilisimama wima, unakishika kama unampa mtu mkono. Muuzaji alikisifia kwamba hakichoshi kiwiko, na ni kweli kiwiko kilistarehe, ila kidole gumba cha Taratibu kilikuwa kikikisukuma pembeni kila akibofya.

"Tunasalimiana vizuri," alisema, "lakini hatuelewani."

Cha tatu kilikuwa cha wachezaji, chenye matundu mgongoni kama chujio la chai. Muuzaji aliking'ang'ania. Kwamba ni chepesi kuliko vyote dukani, na mabingwa hukipenda.

"Wepesi ni wa mtu anayetaka kugeuka haraka," mkwe alimjibu. "Baba hataki kugeuka. Anataka kufika."

Muuzaji aliitafakari kauli hiyo, akapanda ngazi. Alishuka na kiboksi chenye vumbi, kipanya cheusi kinene ambacho wachezaji walikuwa wamekipita kwa sababu ya uzito wake. Kilijaa kiganjani mpaka kwenye vidole vya mwisho. Kilikuwa na kitufe cha kupunguza mwendo, na vitufe viwili vya ziada pembeni, pa kidole gumba. Betri yake ilikaa ndani, ya kuchaji, nayo iliongeza uzito. Mkwe aliuliza kinaungana vipi na kompyuta. Muuzaji alimwonyesha kipande kidogo cha kuchomeka, kinachonasa mawasiliano hata kwenye kompyuta ya zamani. Hicho ndicho walichotaka, maana ya ofisini ni ya zamani kweli.

Taratibu alikishika, akausogeza mshale hadi kwenye herufi ndogo kabisa pembeni mwa skrini. Akabofya. Ikaitika.

"Ila haya mataa," alisema. "Nitaonekana nina disko mezani."

"Yanazimwa, Baba."

Bei yake ingetosha kununua vitatu vya ofisini. Taratibu alibishana nayo kwa heshima ya kubishana tu, muuzaji akamwongezea mkeka wa kipanya bure, wakaelewana.

Lakini kununua kulikuwa kazi nyepesi. Ofisi hairuhusu mtu kuchomeka kifaa chake kwenye kompyuta ya kampuni bila idhini, na idhini ina sababu, na sababu ilikuwa ndiyo ile aliyoificha miaka yote.

Jumatatu alisimama mlangoni kwa meneja na kiboksi ndani ya mfuko. Anasema alitamani simu iite, au ghala lipige king'ora, apate kuondoka. Hakikutokea chochote. Akaingia, akanyoosha mkono wa kulia juu ya meza, akauacha hapo.

Mkono ukafanya unavyofanya.

Meneja aliutazama. "Unakunywa?" aliuliza.

"Sijawahi hata kuonja."

"Sikuulizi kwa sababu nakudhania. Nakuuliza kwa sababu wengine wataniuliza. Sasa ninacho cha kuwajibu." Akavuta kiti. "Na ule mgongo?"

"Mgongo hauna aibu, Meneja."

Meneja, ambaye alikubali kuzungumza kwa ajili ya simulizi hii, anasema alikasirika siku hiyo, lakini si kwa sababu ya saruji. "Nilifanya kazi naye ofisi moja miaka miwili. Nilikuwa nikimgombeza kwa uzembe, na yeye anakubali uzembe ambao hana. Mtu anaona bora aitwe mzembe kuliko aseme anaumwa. Hilo liliniuma."

Alimwita fundi wa kompyuta mbele yake. Fundi alikichomeka kipanya, akapunguza mwendo wa mshale, akatanua mistari kwenye skrini isikaribiane. Kitufe kimoja cha pembeni akakifanya cha kurudi nyuma. Halafu, kwa wazo lake mwenyewe, akaongeza swali linalotokea kabla lori halijaruhusiwa: una hakika?

"Hilo lingekuwepo tangu mwanzo," meneja alisema. "Kwa kila mtu."

Asubuhi iliyofuata, madereva walipokusanyika kwa maelekezo ya siku, Taratibu aliwaambia mwenyewe. Kwa kifupi, bila hotuba. Mmoja akasema, "Mzee, hata ukitetemeka wewe ni bora kuliko yule mpangaji wa zamani aliyekuwa na mkono uliotulia," na kikao kikavunjika kwa vicheko. Baadaye, nyuma ya ofisi, walimjia wawili, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na lake. Mmoja haoni vizuri magari yakimwashia taa usiku. Mwingine goti limekataa kukanyaga klachi. Wote wawili walikuwa wakisema ni mgongo.

Miezi minane imepita sasa. Hakuna lori lililopotea. Meneja amekubali iwekwe ofisini meza ya pili ya kupanga safari, na kuanzia mwezi ujao Taratibu atawafundisha wale wawili kupanga safari, mmoja asubuhi, mwingine mchana, ili barabara ikiwashinda wasikose pa kukaa.

Jioni, sebuleni kwake, kuna jambo jingine. Mkwewe, baada ya timu yake kushika nafasi ya pili kwenye mashindano, alimwekea kwenye kompyuta mchezo wa kuendesha malori. Siku ya kwanza alilipeleka lori mtoni. Siku ya pili alifika. Siku hizi, Jumapili alasiri, mwanawe hujiunga kutoka huko aliko kwenye minara, baba lori lake, mwana lake, wanafuatana barabarani wakipiga soga. Anasema wamezungumza zaidi kwenye mchezo huo kuliko miaka yote aliyokuwa safarini kweli.

"Baba ananilaumu kwa kumpita kwenye kona," mwana anasema kwa simu. "Nikimwambia ni mchezo, anasema kona ni kona."

Anachokitaka sasa ni usukani. Upo wa kompyuta, unauzwa na pedali zake, na ameshakwenda na mkwewe kuuangalia kwa yule yule muuzaji. Ameushika, ameuzungusha, ameuliza maswali mpaka wateja wengine wakasogea kusikiliza. Anaweka akiba kidogo kidogo. Anatarajia mwisho wa mwaka autoe dukani.

"Kipanya kinanitosha ofisini," anasema. "Lori linataka usukani. Na ninataka usukani huo uwe hapa mezani, mama watoto akiwa amekaa pembeni. Miaka yote ile nilikuwa nikirudi na kumsimulia milima. Hata mmoja hajauona, maana abiria hawakuruhusiwa. Kwenye huo mchezo kuna mlima mrefu, unapanda mpaka kwenye mawingu. Huo nitampeleka."

Mkewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye kochi, anauliza kama huko njiani kuna mahali pa kupumzika.

"Pako pengi," mumewe anamjibu. "Wewe utaniambia tu, nami nitasimama."